Waandaaji wa matamasha ya sanaa: DJ mnamlipa, jenereta mnalilipia, mchoraji mnampa cheti

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitoa lote. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuanza kunijibu.

Mimi ni mchoraji, niko Dar. Uchoraji ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, kodi ya studio na ada ya mtoto. Wiki iliyopita nimepokea tena barua ya mwaliko wa tamasha la sanaa. Barua imepangwa vizuri, nembo za wadhamini zimejaa chini ya ukurasa. Wananitaka nilete picha tano kubwa, nichore papo hapo mbele ya watu siku zote za tamasha, nilipie meza, na picha nitakayochora pale iwe mali yao. Malipo ya msanii: hakuna. Wameandika kwamba tamasha ni jukwaa la kumtangaza, na kila mshiriki atapewa cheti na fulana.

Nikapiga simu. Niliongea kwa adabu kabisa. Dada, samahani, DJ mnamlipa? Tunamlipa. MC? Ameshapewa nusu. Mahema, viti, spika, jenereta, walinzi, mpiga picha, chakula cha wageni? Yote yamo kwenye bajeti. Na wachoraji je? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Kaka, nyinyi tunawapa fursa.”

Tamasha limetangazwa kuwa la uchoraji. Watu wanakuja kuona picha. Mdhamini ametoa hela yake kwa sababu aliambiwa kutakuwa na picha. Ukituondoa sisi, pale kinabaki kiwanja chenye spika. Sasa inakuwaje mtu ambaye bila yeye hakuna shughuli ndiye huyo huyo anayeambiwa aje na nauli yake?

Labda tatizo ni kwamba watu hawajui picha inatokana na nini, wanaiona tu imening'inia ukutani. Kanvasi za kununua tayari ni ghali, kwa hiyo wengi wetu tunatengeneza wenyewe. Unakwenda Kariakoo kununua kitambaa cha marekani. Unamfuata fundi Keko akukatie mbao za fremu, na mbao ikiwa mbichi umeumia, maana baada ya muda fremu inapinda na picha yote inakaa upande. Unavuta kitambaa, unakipigilia, unapaka rangi nyeupe ya chini mara mbili au tatu, kila mkono unasubiri ukauke, halafu unapiga msasa. Hapo hujachora hata mstari mmoja na hela imeshatoka. Rangi nzuri za akriliki na za mafuta zinatoka nje, dola ikipanda na zenyewe zinapanda. Nyekundu na bluu za uhakika ndizo zinazoumiza mfuko kuliko zote, ndiyo maana vijana wanaoanza utawaona wanazibania kwenye picha zao. Ukichora kwa rangi za mafuta inabidi uiache picha wiki kadhaa ikauke. Masika ikikukuta hapa Dar, unyevu unaleta ukungu nyuma ya kanvasi, kazi ya miezi inaharibika ikiwa imeegemezwa tu ukutani.

Halafu kuisafirisha. Picha ya mita moja na nusu haipandi daladala. Unakodi kirikuu kwenda, unakodi kirikuu kurudi, na dereva ana tabia ya kuweka tairi la akiba juu ya mzigo. Hizo picha tano kubwa wanazozitaka ndizo hizo.

Sasa siku ya tamasha yenyewe. Meza uliyolipia unaikuta nyuma, kati ya jiko la nyama choma na spika kubwa. Moshi na mafuta yanaganda kwenye kanvasi, na mafuta ya nyama hayatoki bila kuondoka na rangi. Watu wanapita, wanageuza mgongo, wanapiga selfi na picha yako, wanaondoka. Watoto wanagusa, na huna hata kamba ya kuzuia kwa sababu kamba zimepelekwa kwa wageni maalumu. Mvua ikinyesha, hema la wachoraji ndilo linalovuja, kwa kuwa mahema mazima yako jukwaa kuu. Mnunuzi mwenye hela anafika jioni wakati wewe umeitwa kuchora papo hapo mbele ya jukwaa, meza yako haina mtu.

Na huko kuchora papo hapo niseme wazi kwamba kunatudhalilisha. Picha nzuri ina siku unaiangalia tu bila kuigusa. Kuna siku unafuta ulichofanya jana. Pale unasimamishwa juani, MC anakupigia kelele za kipaza sauti sikioni, anataka umalize kabla msanii wa muziki hajapanda. Kinachotoka hapo ni kitu cha haraka chenye jina langu chini yake.

Tamasha moja, silitaji, nilichora hivyo mchana kutwa. Jioni nikaitwa jukwaani. Nikadhani naenda kutambulishwa. Nikaona picha yangu, rangi haijakauka vizuri, inakabidhiwa kwa mgeni rasmi kama zawadi kutoka kwa mdhamini. Kutoka kwa mdhamini! Mimi nimewekwa pembeni kushika upande mmoja wa fremu ili tupigwe picha. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyetaja jina langu. Mgeni rasmi alinishukuru, maskini, yeye hakujua lolote, alidhani nimelipwa.

Mwaka uliofuata nikaikuta picha ile ile kwenye kalenda ya ofisi. Sahihi yangu imekatwa. Nilipowapigia waliniambia picha ni yao kwa hiyo wana haki ya kuitumia watakavyo. Jamani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, Sheria Na. 7. Mchoraji ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayenunua picha ananunua kile kitu anachokitundika ukutani, hajanunua haki ya kukichapa kwenye kalenda, fulana na vikombe. Na hawa hata kununua hawakununua. Mwanasheria akaniambia kesi ninayo, kisha akanitajia gharama zake, zinazidi thamani ya picha. Waandaaji hilo wanalijua vizuri.

Galari nazo, zile nyumba za kuonyesha na kuuza picha, nisizisahau. Unaacha kazi mali kauli, wao wanaweka nusu ya bei au karibu na nusu kama kamisheni yao. Sawa, wana pango, wana umeme, wana wateja wao, sipingi kamisheni. Ninachopinga ni kwamba picha ikiuzwa huambiwi. Unapita siku moja unaona ukuta mtupu, unauliza, unaambiwa mhasibu amesafiri. Miezi inapita. Ukidai sana unaambiwa wewe msumbufu na kazi zako zinarudishwa, moja ina tundu. Hela yangu wameifanya mtaji wao bila riba, na mimi ndiye ninayeonekana sina adabu.

Tafadhali asije mtu hapa kuniambia wasanii wakubwa wote walianzia chini. Nawajua waliotutangulia. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia nyumba na baiskeli juu ya hadibodi, kazi zikauzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu. Miaka minne ya kuchora, basi. Leo mtindo wake uko kwenye trei, mikoba na kadi dunia nzima, na sehemu kubwa ya hela ya trei hizo haijawahi kufika kwa mchoraji yeyote wa Tanzania. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar, akiwa mlinzi, akatoka pale jina lake likifika kwenye makusanyo makubwa ya Ulaya. Na Nyumba ya Sanaa yenyewe, iliyokuwa mtaa wa Ohio katikati ya jiji, leo haipo, ilibomolewa. Wazee wetu walianzia chini, na waliobaki juu walikuwa wenye kununua na kuuza tena. Sioni kwa nini mateso yao yageuzwe kuwa utaratibu wa kutuendeshea sisi.

Na hapo kwenye kuuza tena ndipo penye hela yenyewe. Novemba 2019 picha ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 1.5 hivi. Mauzo ya namna ile hela inakwenda kwa aliyekuwa anaimiliki picha na kwa nyumba ya mnada, na Marekani hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kumpa mchoraji sehemu yake. Ufaransa waliliona hilo tangu 1920 wakaweka haki ya mchoraji kulipwa kazi yake inapouzwa tena. Kenya wameiingiza kwenye sheria yao ya hakimiliki mwaka huo huo wa 2019, asilimia 5. Mimi katika wachoraji ninaowafahamu Dar, Bagamoyo na Arusha sijakutana na hata mmoja aliyewahi kupata senti kwa picha yake iliyouzwa mara ya pili.

Najua swali linalokuja: kwa nini mnakubali? Tunakubali kwa sababu kodi inadaiwa. Kwa sababu mara moja moja mnunuzi wa kweli hupita kwenye hilo tamasha, na ukikosa siku hiyo umekosa. Kwa sababu mji wa wachoraji ni mdogo, mwandaaji wa tamasha ni rafiki wa mwenye galari, naye ndiye anayepeleka majina kwa wafadhili wa safari za nje, ukikataa kwa sauti jina lako linaachwa. Na kwa sababu kijana aliyetoka chuo jana atakubali bure, na mimi siwezi kumlaumu, nami nilikuwa na njaa kama yake. Kuna mabinti wawili nimewafundisha kuvuta kanvasi, wana mikono mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wao. Mmoja sasa anauza vipodozi. Aliniambia hajachoka kuchora, amechoka kuomba hela yake.

Wapo waandaaji wanaolipa, nawaheshimu. Wanatuma mkataba mapema, wanalipa nusu kabla, wanagharamia usafiri, picha inarudi salama. Bajeti zao si kubwa kuliko za hawa wengine, nimefanya kazi na pande zote mbili. Tofauti ni kwamba wao walipokaa kupanga bajeti, mstari wa mchoraji waliuandika juu, kabla ya mahema.

Mwaka 2015 wenzetu wa Kenya walituonyesha kitu. Banda la nchi yao kwenye Biennale ya Venice, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa kule Italia, lilikuwa limejazwa wasanii wengi wa Kichina, jambo ambalo lilikuwa limetokea pia 2013. Wachoraji wa Nairobi wakaandika pingamizi mtandaoni, wakasaini kwa majina yao, wakapiga kelele mpaka serikali yao ikalikana lile banda.  Sisi Tanzania tumeingia Venice na banda letu kwa mara ya kwanza 2024, sifa tumepewa, lakini huku nyumbani bado mchoraji analipia meza ili aonyeshe kazi yake kwenye tamasha lake mwenyewe.

Ile barua ya wiki iliyopita nimeshaijibu kwa maandishi. Nimewaandikia ada yangu ya siku, nusu ije kabla sijapakia mzigo. Usafiri wa kwenda na kurudi ni wao. Kazi ikiharibika mikononi mwao wanalipa bei kamili. Picha nitakayochora pale inabaki yangu, wakiitaka wainunue, na wakitaka kuichapa popote tukae tuandikiane mkataba mwingine na malipo mengine. Meza silipii. Hawajanijibu, na nimeshasikia wanasema nina maringo.

Ombi langu kwa wachoraji, wachongaji na wafinyanzi mliomo humu: msikubali kuchora bure kwenye tamasha lenye mdhamini. Shughuli ya shule ya mtaani au ya hospitali ukijitolea ni moyo wako, mimi mwenyewe nimechora kuta za madarasa na nitachora tena. Lakini penye nembo ya benki au kampuni ya simu chini ya barua, pana hela, na sehemu ya hiyo hela ni yetu. Mkipigiwa simu mkaambiwa “fulani amekubali bure”, mpigieni huyo fulani kwanza. Mara mbili nimefanya hivyo na mara zote mbili fulani alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye niliyekubali.

Mwenye barua au mkataba aliosainishwa aubandike hapa tuusome pamoja. Futeni majina ya watu na ya kampuni, acheni vipengele tu. Wa kwangu naupandisha kwenye posti inayofuata, na nawaomba mtazame hasa kile kipengele kinachosema picha ni mali ya mwandaaji “tangu inapoanza kuchorwa”.