DDR4 au DDR5: kizazi kipi cha RAM kinafaa kwa kompyuta mpya?

Mwanzilishi wa mada
Wanajukwaa, ninakusudia kuunda kompyuta ya kuhariri video na kucheza michezo kwa prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, ambayo bodi mama zake zipo za DDR4 na za DDR5. Kompyuta yangu ya sasa ina DDR3-1600. Kwa kasi (namba iliyo baada ya kistari, yaani mamilioni ya uhamishaji wa data kwa sekunde), DDR5-4800 inaizidi DDR4-3200 kwa nusu nzima, lakini CL, kipimo cha kusubiri, nayo imepanda kutoka 16 hadi 40. Je, tofauti hiyo inaonekana katika kazi halisi?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, namba hizo mbili zinapima mambo tofauti. Ya kwanza, yaani kasi, huonyesha wingi wa data inayopita: ukiizidisha kwa baiti 8, DDR3-1600 inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, DDR4-3200 GB 25.6, na DDR5-4800 GB 38.4. CL ni idadi ya mapigo ya saa yanayopita tangu data iombwe hadi ianze kutoka, na kwa kuwa urefu wa pigo hubadilika kulingana na kasi, CL za vizazi tofauti hazilinganishwi moja kwa moja. Zidisha CL kwa 2000, kisha ugawe kwa kasi, upate nanosekunde. DDR3-1600 yenye CL 9 inasubiri 11.25, DDR4-3200 yenye CL 16 inasubiri 10, na DDR5-4800 yenye CL 40 inasubiri takriban 16.7. DDR5-6000 yenye CL 30 inarudi kwenye 10 ileile. Kilichokua kizazi hadi kizazi ni wingi wa data inayopita. Kusubiri kumebaki karibu palepale, na ndiyo maana DDR5 za mwanzo zilizidiwa na DDR4 nzuri katika baadhi ya michezo.

Mchangiaji wa pili
Hesabu ni sahihi, ila inaipunja DDR5. Kila RAM ya DDR5 imegawanywa katika njia mbili za biti 32 zinazojitegemea, na kila njia hutoa baiti 64 kwa ombi moja, kiasi kilekile kinachojaza mstari mmoja wa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa). Viini vingi vya prosesa vinapoomba data kwa wakati mmoja, foleni hupungua, jambo ambalo CL haiwezi kulionyesha. Kwa uhariri wa video, na hasa kwa grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ningechagua DDR5 bila kusita.

Mchangiaji wa tatu
Ningependa tuangalie pia namna ya kuzifunga. RAM moja ya DDR5-4800 hutoa GB 38.4 kwa sekunde, ilhali mbili za DDR4-3200 zikifanya kazi sambamba hutoa GB 51.2, kwa hiyo anayenunua DDR5 moja tu amejinyima faida aliyoifuata. Pia, ukinunua RAM yenye kasi inayozidi ile ya kawaida, washa XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi mama, la sivyo itabaki kwenye kasi ya chini. Zote mbili zina pini 288, lakini mkato wa katikati uko mahali tofauti, hivyo uamuzi wa bodi ndio uamuzi wa RAM.

Mwanzilishi wa mada
Ninashukuru. Je, kama bajeti inaruhusu ama GB 32 za DDR4 au GB 16 za DDR5?

Mchangiaji wa kwanza
Kwa video, chukua GB 32 za DDR4. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye SSD, na hapo kusubiri hupimwa kwa makumi ya maikrosekunde, yaani makumi ya maelfu ya nanosekunde, muda ambao hakuna kasi ya DDR5 inayoweza kuufidia. Zinunue zikiwa mbili za GB 16 ili zifanye kazi sambamba.