Sanamu ya David Hume mjini Edinburgh: ibaki ilivyo, iongezewe maneno, au ing'olewe?

Mleta mada
Wadau, ukipita Royal Mile, barabara kuu ya mji mkongwe wa Edinburgh, utamkuta David Hume amekaa kitini, kajitanda shuka kama Mgiriki wa kale, wakati alikuwa Mskoti wa karne ya 18. Kidole gumba cha mguu kimeng'aa, maana wanafunzi na watalii hukisugua kutafuta bahati. (Mwanafalsafa aliyeikejeli miujiza leo kageuzwa hirizi. Tuliache hilo.)

Sasa, Hume huyu, kwenye tanbihi aliyoiongeza mwaka 1753 katika insha yake kuhusu tabia za mataifa, aliandika kuwa anashuku weusi ni duni kimaumbile kuliko weupe. Mwaka 2020 waandamanaji wakamtundikia kipande cha boksi chenye maneno hayo. Septemba ya mwaka huo Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaondoa jina lake kwenye jengo lake refu, ambalo sasa ni 40 George Square. Sanamu ikabaki palepale.

Msimamo wangu: isiondolewe, ila maneno yake yachongwe kwenye jiwe lilelile lenye jina lake. Kibao cha pembeni sikitaki. Karibuni.

Mzee wa Kona
Mkuu, unamhukumu marehemu kwa sheria za leo. Karne ya 18 nani Ulaya hakuwaza hivyo? Na mbona husemi kwamba mwaka 1752 huyohuyo aliukosoa utumwa wa kale, akasema unamgeuza kila bwana kuwa dikteta mdogo?

Mleta mada
Mzee wangu, umeuliza nani, nakujibu: James Beattie wa Aberdeen, Mskoti mwenzake. Tanbihi ile ilidai pia kuwa hakujawahi kuwa na taifa lililostaarabika ila la weupe; mwaka 1770 Beattie akamjibu Hume kitabuni waziwazi, kwamba hata wakazi wa Uingereza na Ufaransa miaka elfu mbili nyuma walikuwa washenzi kwa kipimo hichohicho, na kwamba Mexico na Peru zilikuwa na dola zao. Kwa hiyo jibu lilikuwepo, tena nyumbani kwao.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Hume alifariki 1776. Toleo lililotoka 1777 lina tanbihi ileile, imerekebishwa: mwanzo iliwagusa weusi pamoja na watu wengine wote wasio weupe, safari hii wengine wakatolewa, sisi tukabaki. Hapo usiniambie kalamu iliteleza. Aliirudia sentensi, akaipima, akatubakiza.

Hilo la 1752 ni kweli. Nalo lichongwe.

Mama Nuru
Kaka, maandishi hayamalizi ugomvi. Nenda St Andrew Square, hapo hapo Edinburgh, umtazame Henry Dundas, mwanasiasa wa enzi hizo, juu ya mnara wake. Mwaka 1792 aliingiza neno "hatua kwa hatua" kwenye hoja bungeni ya kukomesha biashara ya watumwa, na sheria ikaja kupita 1807. Mwaka 2021 jiji likaweka kibao kinachomtwisha lawama za Waafrika zaidi ya nusu milioni waliovushwa Atlantiki. Wazao wake na baadhi ya wanahistoria wakabisha. Mwaka 2023 kibao kikang'olewa na watu, mwaka uliofuata kikarudishwa. Jiwe lako utaliparura mara ngapi?

Mleta mada
Dada, kwa Dundas wanabishania lawama na hesabu. Kwa Hume hakuna wa kubisha, maneno ni ya mkono wake.

Pwani Yetu
Mimi Hume simjali kabisa. Bustani za Princes Street kuna sanamu ya Livingstone. Huyo alifia mbali huko bara, na mwili wake ukabebwa na akina Susi na Chuma, watumishi wake Waafrika, wakatembea nao miezi hadi Bagamoyo, ndipo ukafika London kuzikwa Westminster 1874. Hela za kuchonga tanbihi wapewe mafundi wawachonge hao.

Mama Nuru
Pwani, naunga mkono. Na wewe mleta mada, nakuuliza kama mzazi: mtoto mweusi anayepita pale kila asubuhi kwenda shule atalisoma tusi la Hume kwenye jiwe, halafu? Mimi nitakubali kwa sharti moja tu. Chini yake lichongwe jibu la Beattie, kwa herufi za ukubwa uleule. Bila hivyo, hapana.