Ukiwa tungi usiingie skwadi yetu! Mtu katuharibia mechi tatu Ijumaa usiku

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Tuna kikosi cha watu wanne cha PUBG Mobile, lile gemu la simu la kushuka kwa ndege na kupigana mpaka ibaki timu moja. Wote tuko Mwanza: wawili tuko Kirumba, mmoja Nyegezi, na huyu bwana ambaye jina lake nalihifadhi yuko Igoma. Mimi nauza dagaa pale mwaloni, alfajiri niko kazini, kwa hiyo gemu kwangu ni Ijumaa tu, saa nne mpaka saa saba usiku. Bando la usiku nimejiunga, mke na mtoto wamelala, hedifoni sikioni. Hiyo ndiyo starehe yangu ya wiki nzima.

Ijumaa iliyopita nimeingia na pointi 4,170. Ace, ile renki ya juu ninayoitafuta, inaanzia 4,200, yaani mechi moja nzuri, basi. Bado tunasubiri ndege, nasikia kwenye maiki yake "tsss", kizibo hicho. Nyuma muziki, na dada anauliza, "Nikuletee ya moto au ya baridi?" Namuuliza, mkuu uko wapi? "Nyumbani, nimetulia." Nyumbani kwako kuna mhudumu?

Mechi ya kwanza, Pochinki, mji wa kwenye ramani ya gemu, nikaangushwa mlangoni. Yeye yuko chumba cha pili, hatua tano. Kumnyanyua mwenzako ni kama sekunde kumi. Natambaa, damu inaisha, namwita, kimya. Nimeshakufa ndipo anarudi: "Samahani kaka, nilienda kukojoa."

Ya pili ndiyo ilinimaliza. Tumeshuka Sosnovka, kisiwa cha kwenye ramani, kwenye kambi ya jeshi, tumejaza silaha, zoni, yaani eneo salama linalozidi kubana, ikafungia kaskazini, lazima tuvuke daraja. Kabla hatujapanga lolote jamaa keshakamata usukani. Namwambia punguza mwendo, anaimba. Katikati ya daraja, peupe, hakuna hata aliyetupiga risasi, akakata kona ya kwake mwenyewe na gari likaenda majini na wanne ndani. Majini bunduki haifanyi kazi, mnaogelea tu kama sato kwenye kokoro, na watu wako juu wanawaokota mmoja mmoja. Sisi wa huku tumevuka Kigongo kwa kivuko miaka nenda rudi mpaka daraja likafunguliwa Juni 2025. Yeye kapewa la bure, kaona maji ndiyo lami.

Ya tatu sina hamu ya kuisimulia. Bomu, miguuni petu, lake. Nimelala na 4,090.

Jumamosi nikamuuliza kistaarabu kabisa. Jibu: "Hilo ni gemu tu mkuu, mbona unapaniki? Halafu mimi nikipiga mbili tatu mkono unakuwa mwepesi." Mwepesi! Ndio huo uliodondosha bomu? Pombe inakutoa woga, ndiyo maana unajiona moto. Macho yanamwona adui, kidole kinafika msibani.

Na msije hapa kuniita mlokole, bia nakunywa. Mwezi uliopita nimetoka kwenye sendofu Buzuruga niko vizuri kwelikweli, nikaandika kwenye grupu: leo nimelewa, tafuteni mtu. Wakatafuta, maisha yakaendelea. Kuna mechi zisizogusa renki, angesema tu tungeingia huko wote tucheke mpaka asubuhi. Au acheze solo, afe mara mia, pointi ni zake. Kinachoniuma ni kudanganywa. Pombe kanywa peke yake, bando limeungua la watu wanne, na usingizi pia.

Nashinda na wavuvi kila siku. Mtu akija ufukweni jioni anayumba, wenzake wanamwambia leo lala, mtumbwi unaondoka bila yeye, na hakuna anayesema wana roho mbaya. Sisi tumemtoa kwenye kikosi, sasa anazunguka kwenye magrupu ya Rock City, Mwanza yetu hii, anatangaza kwamba tunaringa na tumemsusa kwa sababu ya "vijipointi". Vijipointi ambavyo nilivitafuta tangu msimu uanze!

Kwa hiyo nafasi ya mtu wa nne iko wazi. Awe na simu isiyoganda na maiki inayosikika. Ijumaa saa nne kasoro robo nitapiga simu ya video, naomba nimwone mtu amesimama kwa mguu mmoja.