Naomba ushauri: kumpeleka mama Nizwa na Bahla

Asalaam alaykum ndugu zangu. Januari mama anakuja Maskati kutoka Mombasa, nami nataka aione Omani ya bara, si maduka tu. Ni mtu mzima na magoti yanamsumbua, ndiyo maana nauliza mapema.

Nizwa lazima. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, karne ya 17, na ni majeshi ya mwanawe Saif yaliyoitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Mama amepita kando ya kuta zile maisha yake yote. Nataka aone walikotoka watu wale.

Ila moyo wangu hasa uko Bahla. Ngome ile ya udongo iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa jinsi kuta zilivyokuwa zikibomoka, na haikutolewa humo hadi 2004. Waliofika, ngazi zikoje? Asiyeweza kupanda ataona cha maana akibaki chini?

Nafikiria pia makaburi ya mawe ya Al-Ayn, yaliyojipanga juu ya kilima mbele ya Jebel Misht tangu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Gari dogo linafika karibu? Au niyaache, jioni tukapumzike Falaj Daris, ule mfereji wa kale wa maji karibu na Nizwa, mama akae kivulini pembeni ya maji?

Siku moja inatosha, au tulale Nizwa?