Tabo kwenye Corolla 110 ya nyumbani

Kulwa: Shikamoo mjomba. Ile Corolla 110 ya mzee, injini 5A, nataka kuifunga tabo, ile pampu ya hewa ya kuongeza nguvu, aina ya TD04 iliyotoka kwenye Subaru Forester. Naanzia wapi?

Mjomba Masanja: Marahaba. Pima kompresheni, yaani mbano wa kila silinda, kabla hujanunua hata bolti. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, pedeli ya mafuta chini kabisa. Silinda zikipishana zaidi ya psi 14, sahau tabo, fungua injini kwanza.

Baba Neema: Na hiyo tabo itikise shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, inaelea kwenye oili. Ikicheza mbele na nyuma, au mapanga yakigusa nyumba yake, iache hapohapo dukani.

Kulwa: Presha ngapi?

Mjomba Masanja: Psi 6, basi. 5A imebanwa 9.8 kwa 1. Ukizidisha, petroli inalipuka kabla ya wakati, unasikia kama kokoto ndani ya kopo, na kinachokatika ni ukingo wa pistoni kati ya ringi. Westigeti, yaani valvu inayozuia presha ya tabo isizidi, ikifunguka juu ya hapo badili springi yake, maana hakuna kifaa kitakachoshusha presha chini ya springi.

Doto: Nozeli za zamani zitatosha?

Mjomba Masanja: Hapana. Tafuta za cc 300 kwa dakika, omu (ukinzani wa umeme) zilingane na za zamani. Lakini nozeli peke yake haisaidii kitu! Control box (kompyuta ya injini) ya kiwandani haioni presha ya tabo, sensa yake inaishia karibu na presha ya hewa ya kawaida. Unahitaji box ya kuprogramu na sensa ya bar 2.5. Tabo ikisukuma, mchanganyiko uwe hewa 11.5 hadi 12 kwa petroli 1, na moto wa plagi ucheleweshwe kama digrii 6. Kabla ya yote unganisha TE1 na E1, zile pini za soketi ya kupimia gari, uhakikishe taimingi ya msingi ni digrii 10. Fedha nyingi iende hapa, tabo yenyewe ni rahisi kuipata.

Doto: Plagi?

Mjomba Masanja: NGK zenye namba ya joto 5 zitoke, ziingie za 6, ambazo ni za baridi zaidi. Mwanya 0.7 mm, la sivyo moto unazimwa na presha.

Baba Neema: Moshi wa bluu ukitoka, wengi hulaumu sili za tabo. Mara nyingi kosa ni bomba la kurudisha oili. Liwe na tundu la mm 16 au zaidi, lishuke bila kukunjwa, liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Shusha sampu ndipo uchomelee, usitoboe ikiwa garini, vyuma vitabaki ndani. Na PCV, njia ya kutoa mvuke wa ndani ya injini, iwekee valvu ya njia moja, bila hiyo presha inaingia kwenye injini na kusukuma sili nje.

Mama Kulwa: Kaka, gari hilo linapeleka watoto shule. Halitachemsha kwenye mlima wa Bugando?

Mjomba Masanja: Dada, swali zuri. Intakula, kipoza hewa ya tabo, itakaa mbele ya rejeta na kuipunguzia upepo, kwa hiyo rejeta isafishwe na feni zipimwe kwanza. Kulwa, mabomba ya maji ya tabo usiyazibe. Ukitoka mlimani acha injini iungurume taratibu dakika moja ndipo uzime, oili isiungue kwenye shafti.

Kulwa: Siku ya kuwasha je?

Mjomba Masanja: Chomoa soketi za nozeli na waya wa koili. Piga stata sekunde 10, pumzika, rudia, mpaka uone oili inatoka kwenye bomba la kurudi. Funga bomba, rudisha soketi na waya, washa.