Mjadala: Je, William Smith anasifiwa kupita kiasi kwa ramani za jiolojia za kaunti za Uingereza?

Hoja iliyoko mezani inasema kwamba Smith, mpima ardhi Mwingereza aliyechora ramani za miamba, amepewa sifa zisizo zake, kwa kuwa kaunti kadhaa zilikuwa na ramani za udongo na miamba kabla yake. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Christopher Packe alichora ramani ya Kent Mashariki mwaka 1743, na taarifa za Bodi ya Kilimo za miaka ya 1790 ziliambatana na ramani za kaunti zilizopakwa rangi kwa kufuata aina za udongo. John Farey, aliyeandika juu ya miamba ya Derbyshire mwaka 1811, hawezi kutumiwa dhidi ya Smith, kwa sababu alijifunza kwake.

Tatizo ni kwamba ramani ya udongo humwonesha mkulima kile tu ambacho jembe lake linagusa. Smith, aliyefanya kazi kwenye mfereji wa makaa ya mawe wa Somerset, alitambua kwamba matabaka ya miamba hufuatana kwa mpangilio uleule, na kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya miamba, vinaweza kutofautisha tabaka moja na lingine hata pale udongo wake unapofanana machoni. Maarifa hayo yalikuwa na thamani ya fedha: huko Bexhill, Sussex, mwanzoni mwa karne ya 19, watu walipoteza mtaji mkubwa wakichimba makaa ya mawe mahali ambapo hayakupatikana.

Tazameni karatasi zake za ramani za kaunti, zilizotolewa kati ya 1819 na 1824 kwa kaunti 21, juu ya ramani za mchapishaji John Cary zenye barabara na vijiji. Rangi ilipakwa kwa mkono, ikakolezwa kwenye ukingo wa chini wa tabaka na kufifia kuelekea juu, hivyo msomaji anaona mara moja tabaka lipi limelala juu ya lipi. Sijaona ustadi kama huo katika ramani za udongo.

Kuhusu tuhuma kwamba George Greenough, rais wa kwanza wa Chama cha Jiolojia cha London, na Chama hicho waliiba kazi yake, mimi nasema kwa tahadhari. Greenough alikusanya taarifa za watu wengi, ila alitumia pia za Smith, na ramani yake ya 1820 ilishindana sokoni na ramani kubwa ya Smith ya 1815 iliyoonesha miamba ya Uingereza na Wales wakati Smith alikuwa ameshafungwa kwa madeni mwaka 1819. Medali ya Wollaston, tuzo ya Chama hicho ambayo Smith alipewa mwaka 1831, ilikuwa heshima ya haki, lakini ramani ya Chama ilikiri mwaka 1865 tu kwamba msingi wake ni ramani ya Smith, yeye na Greenough wakiwa wamekwisha kufariki.

Kwa hiyo jina la Smith libaki mbele, na Cary pamoja na mpwa wake Smith, John Phillips, aliyemsaidia, watajwe kando yake. Anayepinga atuoneshe ramani ya kaunti ya kabla ya Smith inayoonesha mfuatano wa matabaka, si rangi za udongo pekee.