Mada: CCSE nimefaulu ila jina halilingani na pasipoti, nirudie mtihani?

Dada wa Getafe:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikiendi. Jana nimerudishwa dirishani na faili langu zima la kuomba uraia wa Hispania, DELE A2 (cheti cha lugha) ipo, padrón (cheti cha makazi cha manispaa) ipo, cheti cha tabia njema kimeshatafsiriwa. Karani anasema CCSE, ule mtihani wa katiba na utamaduni kwa wanaoomba uraia, inaonyesha jina la baba na la babu kama TIE (kadi ya ukaazi) yangu ya zamani, ila pasipoti mpya imeweka la baba pamoja na langu na kubakiza la babu peke yake, kwa hiyo kwake hao ni watu wawili. Miaka 11 niko hapa, nimelipa yuro 85, nimekesha na yale maswali 300 ya manuali. Jina linarekebishwa wapi, au ndio narudia mtihani? Naombeni mwenye uzoefu.

Kaka wa Valencia:
Pole sana dada. Mimi mara ya kwanza nilipata 13 kati ya 25 na zinatakiwa 15. Ya katiba na serikali nilipata karibu yote, yaliyoniangusha ni ya utamaduni, makundi ya waandishi yanayoitwa Kizazi cha 98 na cha 27 niliyachanganya, nikamweka mshairi Lorca kwenye 98 badala ya 27. Nikaamua nisome vitabu vyenyewe, nikaanza na Lazarillo wa yule mwandishi Cervantes, yule mtoto anayemwongoza kipofu, na niliporudia nilipita vizuri tu.

Mzee wa Bilbao:
Kijana, Lazarillo si ya Cervantes. Matoleo ya zamani kabisa yaliyopo ni ya 1554, Cervantes kazaliwa 1547, piga hesabu. Mwandishi hakuweka jina lake. Tusipotoshane humu, kuna watu wanasomea mtihani kwa haya tunayoandika.

Ila kitabu chenyewe kisome kila mtu. Kipofu na mtoto wamepewa kishada cha zabibu, wakapatana kila mmoja achume moja moja. Kipofu akaanza mbili mbili, mtoto kuona hivyo akawa anachuma tatu tatu. Zilipoisha kipofu akamwambia umenidhulumu, umekula tatu tatu. Mtoto akauliza, umejuaje? Kwa sababu mimi nilikula mbili mbili na wewe ukanyamaza. Nilisoma hapo nikiwa kwenye treni nikamkumbuka bibi yangu Pangani na koroboi lake, akitusimulia Abunuwasi mpaka tunasinzia. Wakati kitabu hicho kinaandikwa watu walikuwa wanapenda hadithi za mashujaa na farasi zao, mwandishi huyu akaandika njaa, mtumishi anayehama bwana mmoja hadi mwingine, na mapadri wachoyo ndani yake. 1559 Inkwizisheni, mahakama ya kanisa, ikakipiga marufuku.

Dada wa Barcelona:
Mzee shikamoo. Kwenye riwaya yake ya Don Quijote nako mjue Cervantes anasema hadithi si yake, kaikuta Toledo sokoni kwenye madaftari ya Kiarabu ya mtu anaitwa Cide Hamete Benengeli, akamlipa Morisko, yaani mtu wa ukoo wa Waislamu waliobatizwa, zabibu kavu na ngano amtafsirie. Cide ni Sidi yetu hii hii, bwana. Kwenye sehemu ya pili, ya 1615, Sancho, mtumishi wa Don Quijote, anakosea jina anamwita Berenjena, yaani bilingani! Na Cervantes mwenyewe alikaa mateka Algiers miaka 5. Kitabu kinachobeba lugha yao chenyewe kinadai kimeandikwa na Mwarabu, na kuanzia 1609 hao Morisko wakafukuzwa nchini. Leo sisi tunasubiri uraia miaka 10 na wa Amerika Kusini miaka 2. Inaniuma.

Kaka wa Valencia:
Si Amerika Kusini tu dada, Guinea ya Ikweta ni 2 pia, na Ufilipino. Yalikuwa makoloni yao. Usiseme kana kwamba Waafrika wote tuko fungu moja.

Dada wa Barcelona:
Sikusema Waafrika wote, nimesema sisi. Soma tena.

Dada wa Getafe:
Nawashukuru, Lazarillo nitamtafuta maktaba. Lakini lile la jina, hakuna hata mmoja lililomkuta? Miadi nyingine nimepata ya tarehe 19.

Mzee wa Bilbao:
Marahaba Barcelona. Mwanangu wa Getafe, mimi nilifanya zamani, kabla CCSE haijakuwepo, tulihojiwa kwa mdomo tu, jaji akaniuliza mito. Ungeuliza watu wa ubalozi.

Kwenye Kizazi cha 98 usimruke mshairi Machado. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania ilipokuwa inaisha alivuka mpaka kwa shida pamoja na mama yake mzee, wakafika Collioure, Ufaransa, akafia hapo Februari 1939, na mama akamfuata baada ya siku tatu. Mdogo wake akakuta karatasi kwenye koti lake, yenye mstari huu: siku hizi za buluu na jua hili la utotoni. Mimi mama yangu yuko Pangani na miguu haimwendi tena. Huku mvua wiki ya tatu. Kama kuna anayeshuka Tanga mwezi huu aniandikie pembeni, nina kifurushi kidogo, dawa na miwani, hakizidi kilo mbili.